Nyumba ya makuti Kiwayu kwa wiki moja: tuulize nini kabla ya kulipa?

Swali: Sisi ni familia ya watu watano kutoka Nakuru: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka 9 na 4, na mama mkwe wangu mwenye miaka 71, ambaye magoti yanamsumbua. Tumepata nyumba ndogo ya makuti ya kukodi kisiwani Kiwayu, ufukweni kabisa. Taa ni za sola, maji ni ya mvua, na chakula tutajipikia. Tunataka kukaa wiki moja likizo ya Agosti. Mwenye nyumba anataka nusu ya pesa sasa hivi. Picha ni nzuri sana, lakini hatujawahi kulala kisiwani. Tuulize nini, tubebe nini, na je, kwa familia kama yetu inafaa?

Jibu: Dada yangu, salamu kutoka Amu, yaani Lamu. Nimepokea wageni na kutunza nyumba za makuti katika visiwa hivi kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia Shela na Manda hadi Pate na Kiwayu. Wengi huniuliza habari za ufuko. Wewe umekumbuka magoti ya mama, na kwa hilo nitakujibu kama ninavyomjibu dada wa nyumbani.

Wageni huanza na bei, kisha mtandao wa simu. Wewe anza na maji. Tena yako maji mawili: ya bahari, yatakayowapeleka na kuwarudisha, na ya jabia, tangi la maji ya mvua, yatakayowaweka huko. Nimeona wageni wakivumilia godoro jembamba, joto na popo darini, wakaondoka wakicheka. Sijaona familia iliyovumilia kukosa maji ya kuoga siku ya tatu.

Nianze na ya bahari. Kiwayu iko kilomita 50 hivi kaskazini-mashariki ya mji wa Lamu. Njia ya utulivu hupitia Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Kwa miaka mingi Mkanda ulipitika maji yakijaa tu. Yakipwa, ulibaki tope, na boti iliyochelewa ililala hapo mpaka maji yarudi; hali yake ya sasa muulize nahodha. Njia ya pili ni kuzunguka Manda kwa nje, bahari kuu, na hiyo wakati wa kusi, upepo mkali wa kusini, simpitishi mama wa miaka 71 wala mtoto wa miaka 4.

Somo hilo nililipata kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo niliichukua familia moja kutoka gatini Lamu saa mbili asubuhi kwa sababu walitaka kufika mapema. Ilikuwa siku ya bamvua, yaani maji makubwa, na maji yalikuwa yanakimbia kutoka. Tulikwama katikati ya Mkanda saa tano nzima, bila kivuli, na mtoto mchanga ndani. Baba wa yule mtoto hakunigombeza hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu siku hiyo sipangi safari kabla ya kuangalia mwezi.

Na wewe unaweza kuuangalia kutoka Nakuru. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayaji sana, hayaendi sana. Kwa makadirio, tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu ni bamvua, na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Saa nazo zina utaratibu wake. Siku za bamvua huku kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Kila siku ipitayo, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Kwa hiyo ukifika bamvua, watoto wataamka, watakunywa chai, watakimbilia ufukweni, na bahari itakuwa imeondoka. Watakuta mchanga, mawe na madimbwi yenye kaa na visamaki. Kwa mtoto wa miaka 9 hiyo ni furaha tupu, lakini kuogelea ni alasiri. Mimi ningechagua mvuke bahari siku ya tano au ya sita baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Siku hizo maji hujaa saa mbili au saa tatu asubuhi, kabla upepo haujapanda, na Mkanda bado una kina cha kutosha. Kwa boti ya kasi ni mwendo wa saa mbili hivi. Jahazi la tanga ni raha kubwa, ila ni safari ya siku nzima, na upepo ukikataa mnalala njiani. Kwa mama, chukueni injini.

Mwombe mwenye nyumba akuunganishe na nahodha mwenyewe, umuulize: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi, na tutapita ndani au nje? Nahodha wa kweli atajibu bila kufikiri. Muulize pia kama ana jaketi za kuokoa maisha za watu wote, pamoja na moja ya mtoto mdogo inayomkaa, kwa maana jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Kisha muulize mnateremkaje. Nyumba nyingi za ufukweni hazina gati. Boti hutia nanga na mnashuka kwenye maji ya magoti, wakati mwingine ya mapaja. Kwa mama, taka boti yenye ngazi na kijana wa kumshika mkono kila upande, na mfike maji yakiwa yamejaa ili boti isogee karibu. Yakiwa yamepwa atatembezwa kwenye mawe na tope masafa marefu.

Sasa maji ya jabia. Kiwayu haina mto, na visima vya visiwa vidogo ni vya kuhurumia. Maji matamu hukaa chini ya mchanga yakielea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi kuliko hayo. Ukiteka kwa pupa, chumvi hupanda na kisima huharibika. Ndiyo maana watu wa visiwa vya kaskazini hujenga majabia: uwanja uliosakafiwa wa kupokea mvua, na tangi chini ya ardhi. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo uwanja ukiwa mpana na msafi, mvua chache nzuri hujaza tangi.

Piga hesabu yako. Watu watano, lita nne kila mmoja kwa siku za kunywa na kupikia, siku saba: lita 140, yaani mitungi saba ya lita 20. Kuoga na choo, weka ndoo moja ya lita 20 kwa kila mtu kwa siku: lita 700. Jumla lita 840, kabla hujafua. Muulize mwenye nyumba: jabia ni la nyumba hii peke yake au wanachota na majirani? Lina maji kiasi gani leo? Likikauka, maji huletwa kutoka wapi, na nani analipia? Mwombe afungue mfuniko apige picha ndani, leo, si picha ya mwaka jana. Anayejali wageni atakutumia picha hiyo kabla ya jioni. Anayekutumia tena picha ya machweo, achana naye.

Ya kunywa nunueni Lamu mjini mbebe, au chemsheni ya jabia mpaka yatokote kweli. Na mfuniko urudishwe kila mara, kwa sababu mbu hutaga kwenye maji yaliyotulia. Wazee wetu wa Amu walijua: kwenye birika la kuogea walitia visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu, wakavichimbia bakuli la kaure chini ya birika ili maji yakiisha visife. Mkiikuta birika ya namna hiyo, waonyeshe watoto, na msitie sabuni ndani. Choteni kwa kata, muogee pembeni.

Hapa ndipo maji yale mawili yanapogombana, na ndiyo sababu siwezi kukuambia tu nendeni. Masika huku hunyesha Aprili hadi Juni. Mwezi wa Agosti majabia bado yana maji mengi, lakini kusi inavuma, bahari ya nje imechafuka, na upande wa nyumba unaotazama bahari kuu mchanga hurushwa mpaka kwenye sahani. Februari na Machi kaskazi, upepo wa kaskazini, imetulia, bahari kama kioo, maji maangavu, na majabia yamefika chini. Vuli kwetu hunyesha kidogo, lakini huongeza. Kwa hiyo kipindi ninachokipenda kwa familia ni mwisho wa Desemba hadi Januari: bahari imeshalainika na jabia halijakauka. Nanyi mna likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Ningesogeza safari hapo.

Mkishindwa kusogeza, kwa Agosti ningeiacha Kiwayu nikodi nyumba ya makuti Shela, kisiwani Lamu penyewe, au Manda upande unaotazama mlango wa bahari wa Lamu. Mtapata mchanga, sola na sauti ya mawimbi, na mama atakuwa dakika chache kutoka hospitali ya kaunti iliyoko Lamu mjini. Kutoka Kiwayu, homa ya usiku ni kusubiri kuche, pengine kusubiri maji yajae, kisha saa mbili za boti. Hilo nawaambia wazazi wote wenye watoto chini ya miaka mitano, na sioni haya kupoteza mgeni kwa kulisema.

Kuna jambo jingine ambalo nikilinyamazia nitakuwa nimekudhulumu. Kiwayu iko karibu na mpaka wa Somalia. Mwaka 2011 wageni walishambuliwa na kutekwa, kwanza eneo la Kiwayu, kisha Manda, na tangu 2015 majeshi yamekuwa na operesheni katika msitu wa Boni, upande wa bara unaopakana na visiwa hivi. Watu wa Kiwayu ni wapole na wanaishi maisha yao, na uvamizi ule uliwaumiza wao kabla ya yeyote, kwa sababu riziki ya wageni ilikatika. Lakini hali hubadilika. Kabla ya kulipa, pigeni simu ofisi ya serikali au polisi Lamu muulize hali ya wiki hiyo, na waulizeni manahodha wanaokwenda huko mara kwa mara. Nahodha akisitasita, hilo ni jibu tosha. Msafiri mchana tu, na msipige picha boti wala kambi za askari.

Tuje kwenye nyumba yenyewe. Makuti mapya ni ya rangi ya kahawia yenye mng'ao, yamepangwa karibu karibu. Ya zamani huwa ya kijivu na hulegea. Mwombe mwenyewe asimame ndani mchana, aelekeze simu juu apige picha. Mkiona vitobo vya mwanga vingi, mvua ya kusi itawapata kitandani. Chini ya makuti tazameni boriti na pau za mikoko. Unga mweupe ukianguka chini yake, wadudu wameshaingia.

Na moto, dada yangu. Hapa nakuomba unisikilize kama mama. Makuti hushika kwa cheche moja, na vijiji kadhaa vya kaunti hii vimewahi kuteketea kwa sababu nyumba zilikuwa za makuti na upepo ulikuwa unavuma. Msiwashe mshumaa ndani. Dawa ya mbu ya kuchoma iwekeni nje, mbali na chandarua. Jiko la makaa au seredani ikae nje, upande ambao upepo unaondoa cheche nyumbani, na ndoo ya mchanga karibu. Mwenye nyumba akikuonyesha jiko la gesi ndani ya chumba chenye paa la makuti, mwambie alitoe kabla hamjafika.

Vyandarua viwe vya kila kitanda, vizima, virefu vya kuchomekwa chini ya godoro. Malaria ipo pwani, na ninyi mnatoka nyanda za juu, kwa hiyo mwone daktari wiki kadhaa kabla kuhusu dawa za kinga, hasa kwa mtoto mdogo. Mama achukue dawa zake za wiki mbili, nusu kwenye mkoba wake na nusu kwenye wako, kwa sababu mizigo hulowa.

Uliza choo. Nyumba hizi mara nyingi huwa na choo cha kuchuchumaa, na kwa magoti ya mama hilo ni kubwa kuliko kitanda. Fundi seremala wa Lamu anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kwa siku moja. Mwenye nyumba akubali kukiweka kabla hamjafika, nanyi mlipie. Uliza pia kama kuna ngazi ya kupanda, na kama njia ya chooni usiku ni mchanga mlaini au ni mawe. Kila mtu awe na tochi yake.

Chakula kisikutie wasiwasi. Unga, mchele, mafuta, vitunguu, viazi, ndimu na mkaa nunueni Lamu mjini. Samaki mtapata kijijini, changu na tafi wakati mwingi, kaa na kamba ikiwa wavuvi wamebahatika. Bei ulizeni kwa heshima, msipunguze kama mko soko la Nakuru. Lipieni mama mmoja wa kijijini awapikie angalau mara mbili tatu. Atakuna nazi kwa kibao cha mbuzi, atachuja kwa kifumbu, awapikie wali na samaki wa kupaka, na mama mkwe wako atapata mwenzake wa kuzungumza naye. Wageni wengi huniambia baadaye kwamba hayo mazungumzo ya jikoni ndiyo wanayoyakumbuka. Bebeni noti ndogondogo za kutosha. Huko hakuna benki, na mtandao wa simu huja na kuondoka.

Baharini, wote wavae viatu vya mpira, kwa sababu ya miba ya baharini na mawe makali. Mkitembea kwenye maji ya chini buruteni nyayo, kwa sababu samaki aitwaye taa, aliyejilaza mchangani, akisikia mtikisiko huondoka. Akimchoma mtu, loweka mguu kwenye maji moto anayoyastahimili bila kuungua, kisha mtafute matibabu. Eneo hilo ni hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, hivyo kuna ada ya hifadhi, na matumbawe na kombe zibaki zilipo. Kasa hupanda kutaga mchangani usiku. Mkibahatika kumwona, zimeni tochi, kaeni nyuma yake, wanyamazisheni watoto. Mayai huchukua takriban siku 60 kuanguliwa, na taa kali za nyumba huwapoteza watoto wa kasa wanaotafuta bahari.

Kijijini ni watu wa dini. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni, mkiingia kijijini jifungeni leso au kikoi, mwanamume avae shati, pombe msiibebe hadharani. Salimieni kwanza, kisha ulizeni.

Kuhusu nusu ya pesa, si ajabu kuombwa malipo ya awali, kwa sababu petroli ya boti hununuliwa mapema. Lakini usitume kabla hujapata vitu vitatu: simu ya video mwenyewe akiwa ndani ya nyumba, namba ya nahodha uliyeongea naye wewe, na maandishi yanayosema bei inajumuisha nini, yaani boti ya kwenda na kurudi, maji yakiisha, na mlinzi. Yaandikwe pia kwamba bahari ikichafuka au serikali ikizuia safari, mtarudishiwa au mtabadilishiwa tarehe. Akiyakubali hayo, mtumie theluthi moja, zilizobaki mkifika.

Mkivuka siku ile niliyokuambia, ya maji ya asubuhi, basi wiki moja baadaye maji ya kurudi yatajaa mnamo saa nane mchana. Mtafika Lamu alasiri. Msikate tiketi ya ndege wala ya basi la Mokowe, gati ya upande wa bara, siku hiyo. Laleni Lamu usiku mmoja, mama apumzike, watoto waoge maji ya bomba, na kesho yake mshike njia. Ukishajua tarehe zenu za Desemba nitumie, niuangalie mwezi pamoja nawe.